Donda Ndugu Lenye Asili Katika Damu

Askari amezoea majeraha. Katika kambi za jeshi na vituo vya polisi, jeraha huhesabiwa kuwa jambo lenye mwanzo na mwisho: mtu huumia, husafishwa, hufungwa bendeji, na baada ya siku kadhaa hurudi gwarideni. Lakini liko jeraha moja lisilofuata utaratibu huo. Huanza kama doa dogo karibu na kifundo cha mguu, pengine mahali palipoumwa na mdudu au palipokwaruzwa na kijiti. Badala ya kufunga, hufunguka. Badala ya kukauka, huchimba. Mwezi wa kwanza hupita, wa sita hupita, na mwaka hutimia. Mwenye jeraha huanza kuwakwepa watu kwa sababu ya harufu, na watu nao huanza kunong'ona.

Waswahili huliita jeraha la namna hiyo donda ndugu, na jina hilo linalifaa, maana hukaa na mtu kama ndugu wa nyumba moja. Chanzo cha donda ndugu si kimoja. Mazungumzo haya yanahusu madonda ya miguu yanayowapata watu wenye maradhi ya damu ya kurithi, hususan maradhi ya selimundu, ambayo Baganda huyaita nalubiri, Wakongo wengi huyaita SS, na watu wa hospitali huyaita siko seli. Jambo la kushikwa tangu mwanzo ni hili: donda hilo liko mguuni, lakini asili yake imo katika damu. Anayetibu ngozi peke yake ni kama kikosi kinachomfukuza adui barabarani na kuiacha ngome yake ikiwa salama.

Nakivale ni mahali ambapo jambo hili lina uzito wa pekee. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyo kando ya ziwa la jina hilohilo katika Wilaya ya Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 wakati Wanyarwanda walipovuka mpaka kuokoa maisha yao, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa kabisa barani Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000, waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Hutibiwa katika vituo vilevile vya afya wanavyotibiwa wenyeji, na ugonjwa unapovizidi nguvu vituo hivyo, mgonjwa hupandishwa ngazi kwa ngazi mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Mbarara. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao, kama kinavyowaunganisha askari wa Uganda. Kwa hiyo neno la askari huko husikika na kueleweka, liwe la msaada au la kuvunja moyo.

Uganda ina nafasi maalumu katika elimu ya maradhi haya. Mwaka 1949 wataalamu wawili, Hermann Lehmann na Alan Raper, walitangaza matokeo ya kupima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Miongoni mwa Baamba, karibu na milima ya Ruwenzori, walikuta kiasi cha watu 45 katika kila 100 wakiwa na chembe zinazoweza kugeuka umbo. Lakini miongoni mwa Bahima na Bakiga wa kusini magharibi waliozibeba walikuwa wachache sana. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha sababu ya tofauti hiyo: anayerithi asili ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo asili hiyo ilistawi katika mabonde yenye mbu wengi, na ikawa haba katika nyanda za juu zenye baridi. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanyika mwaka 2014 na 2015, kwa sampuli zaidi ya 97,000 za damu ya watoto wachanga, uliithibitisha picha hiyo. Waliobeba asili hiyo walikuwa asilimia 13.3, na wenye maradhi yenyewe asilimia 0.7; kusini magharibi palikuwa na wachache kuliko pengine pote.

Maana ya hesabu hizo kwa Nakivale ni wazi. Mtu aliyekulia Ankole anaweza kufika utu uzima bila kumjua mgonjwa hata mmoja wa selimundu. Lakini jirani yake aliyetoka Kongo anatoka katika ukanda wa ikweta, ambako Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya watu 10 na 40 katika kila 100 hubeba asili hiyo. Wageni wamekuja na damu ya kwao, kama kila mtu anavyokwenda na damu ya wazazi wake popote aendapo. Hilo si kosa, wala si maambukizo. Maradhi ya selimundu hayaambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja, wala kwa kumsafisha mgonjwa donda lake. Huingia mwilini kwa mlango mmoja tu, nao ni kuzaliwa.

Kitu gani basi hutokea katika damu? Chembe nyekundu za damu hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kila sehemu ya mwili. Chembe ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo na laini, hupenya katika mishipa myembamba bila taabu, na huishi siku 120 hivi. Katika selimundu, protini inayobeba hewa, iitwayo hemoglobini, ina kasoro. Inapoachia hewa yake hujipanga kama vijiti ndani ya chembe, na chembe hukakamaa na kupinda mfano wa mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo na kuiziba. Tena huvunjika upesi, nyingi baada ya siku 10 hadi 20 tu, na mwili haudiriki kujaza pengo. Ndiyo sababu mgonjwa huwa na upungufu wa damu, macho ya manjano, na vipindi vya maumivu makali ya mifupa.

Ubaya wa kifundo cha mguu ni mahali kilipo. Kiko mbali na moyo. Damu inayokifikia haina budi kupanda tena juu kwa safari ndefu. Ngozi yake ni nyembamba na iko karibu na mfupa. Chembe zilizovunjika humwaga hemoglobini yake katika maji ya damu, na hemoglobini hiyo huimaliza hewa maalumu ambayo mwili huitumia kulegeza mishipa. Mishipa ikabana, njia ikaziba, na maji yakajikusanya mguuni. Askari yeyote anajua kwamba kikosi kilichokatiwa barabara ya ugavi hakiwezi kushika nafasi yake, hata kikiwa na mashujaa. Ngozi ya kifundo iko katika hali hiyohiyo. Mkwaruzo ambao kwa mtu mwingine ungepona kwa juma moja, hapo hukosa hewa na chakula cha kujijengea, ukageuka donda.

Jambo hili lilikuwapo tangu siku maradhi haya yalipoandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya tiba vya nchi za Magharibi. Mwaka 1910 Dakta James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, ambaye damu yake ilionyesha chini ya hadubini chembe zilizopinda kama mundu. Kijana huyo, Walter Clement Noel, alikuwa na makovu ya madonda miguuni. Donda lilikuwa limeandika habari za ugonjwa juu ya ngozi kabla daktari hajauona katika damu.

Si kila mgonjwa wa selimundu hupata donda. Ni nadra kwa mtoto aliye chini ya miaka 10. Huanza zaidi katika ujana na utu uzima, na huwapata wanaume kuliko wanawake. Hutofautiana pia kwa nchi. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 1989 ulikuta madonda kwa asilimia 2.5 ya wagonjwa wenye miaka 10 na zaidi, ilhali katika kisiwa cha Jamaica, chenye joto, madonda yamekuwa ya kawaida zaidi kwa mbali. Maradhi mengine ya damu ya kurithi, kama vile thalasemia, nayo huweza kuleta madonda ya namna hiyo. Ama mtu aliyerithi asili ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, huyo kwa kawaida hana ugonjwa, na akiwa na donda lisilopona hapana budi chanzo kingine kitafutwe.

Hapo ndipo panapoanza hatari ya kwanza, yaani kulihukumu donda kwa macho. Uganda inalijua somo hilo vizuri. Donda la Buruli, linalotokana na vijidudu vya jamii moja na vya kifua kikuu na ukoma, limepewa jina la sehemu ya Uganda iliyo karibu na mto Nile. Katika miaka ya 1960 ugonjwa huo uliwaangukia wakimbizi wa Kinyarwanda waliopewa makazi Kinyara, katika nchi ya Bunyoro, na uchunguzi wa wataalamu waliokwenda huko ulitangazwa ulimwenguni mwaka 1971. Donda la Buruli hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu. Donda la selimundu haliponi kwa dawa hizo peke yake. Kisukari, ukoma na ubovu wa mishipa ya miguu navyo huleta madonda. Aidha donda lililokaa miaka mingi, likianza kuota nyama kingoni au kubadilika ghafla, huweza kuwa limeingiwa na saratani. Kwa hiyo swali la kwanza si dawa gani ipakwe, bali ni donda gani hili. Jibu lake hutafutwa kwa kumchunguza mgonjwa mzima, kupima damu yake, na inapolazimu kukata kipande kidogo cha donda kipelekwe maabara.

Hatari ya pili ni fununu. Kwa kuwa donda hili halina sababu inayoonekana, watu huitunga sababu. Husemwa kwamba kijana amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, au amerogwa na mwenye wivu, au anaadhibiwa kwa mambo ya aibu. Mke huambiwa amwache, na mwenye duka hukataa kumpa kazi. Mgonjwa naye, kwa kuona haya, hulifunika donda kwa suruali ndefu na kitambaa kichafu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Katika kujificha huko hupakwa kila kitu kinachotajwa na jirani: unga wa betri, majivu, samadi ya ng'ombe, petroli, hata unga wa vidonge vya hospitali vilivyopasuliwa na kunyunyizwa juu ya nyama mbichi. Vitu hivyo huunguza nyama changa inayojaribu kuota, na vingine huingiza vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda.

Matibabu yanayofaa hayana muujiza, lakini yana utaratibu, na utaratibu ni lugha ambayo askari anaifahamu. Kwanza, donda husafishwa kwa upole kwa maji safi ya chumvi yaliyotayarishwa hospitalini, au, pasipo na hayo, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Nyama iliyokufa huondolewa na mtu aliyefunzwa, kwa kuwa nyama mpya haioti juu ya nyama iliyooza. Kisha hufunikwa kwa shashi isiyogandana na donda, iliyo na unyevu wa kiasi. Kule kuliacha donda wazi likaukie juani, ambako wengi hukuamini, huchelewesha kupona. Mgonjwa hupewa kinga ya pepopunda. Dawa za kuua vijidudu hutolewa pale tu ishara za maambukizo zinapoonekana, kama vile usaha mwingi, wekundu unaoenea, au homa. Maumivu yakiwa ndani ya mfupa, picha ya eksirei hupigwa, maana vijidudu huweza kuingia mfupani.

Pili, mguu hupunguziwa mzigo. Mgonjwa hupumzika, na anapolala au kukaa huuinua mguu ili maji yaliyojikusanya yarudi juu. Bendeji ya kubana, inayofungwa kutoka vidoleni mpaka chini ya goti, husaidia sana, ila sharti ifungwe na mhudumu aliyehakikisha kwanza kwamba damu inafika unyayoni sawasawa. Ikifungwa ovyo huweza kuongeza madhara. Tatu, maumivu hutulizwa. Donda la selimundu linauma kupita wanavyodhani wale wanaolitazama kwa mbali, na mtu asiyelala usiku kwa maumivu hawezi kuvumilia miezi ya kufungwa na kufunguliwa bendeji. Dawa ya maumivu kwake ni sehemu ya tiba. Mhudumu asimdhanie kwamba anadeka.

Nne, na hapa ndipo penye kiini cha habari, damu yenyewe hutibiwa. Mgonjwa hupewa asidi ya foliki imsaidie kutengeneza chembe mpya; hunywa maji ya kutosha; hulala ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria humvunjia damu kidogo aliyo nayo. Hapaswi kujinunulia vidonge vya madini ya chuma kwa kudhani kila upungufu wa damu ni mmoja. Donda likishindikana, daktari huweza kuamua kumwongezea damu kwa kipindi, na pengine kupandikiza ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Yote hayo yanahitaji hospitali yenye maabara, damu ya akiba na wapasuaji. Kwa mkazi wa Nakivale, maana yake ni Mbarara, mji wenye hospitali ya rufaa, benki ya damu ya mkoa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia ambacho kimekuwa kikifundisha madaktari tangu mwaka 1989.

Ni haki msikilizaji aambiwe pia mipaka ya elimu. Madonda haya yamechunguzwa kidogo mno yakilinganishwa na taabu yanayoileta. Watafiti waliokusanya majaribio yote yaliyofanyika kwa kanuni za kisayansi duniani walikuta majaribio 6 tu, yenye wagonjwa 198 kwa jumla, na hawakuona dawa hata moja ambayo ushahidi wake ulikuwa wa kutosha kuifanya iwe amri kwa wote. Mwaka 1970 Graham Serjeant na wenzake huko Jamaica walitangaza kwamba vidonge vya zinki vilisaidia madonda kufunga, lakini watu waliojaribiwa walikuwa wachache. Hivyo basi anayejitokeza sokoni na kutangaza kwamba ana dawa moja ya uhakika ya donda hili, awe na mizizi au awe na chupa ya kizungu, anasema jambo ambalo elimu ya dunia nzima bado haijalipata. Tena donda lililofunga huweza kufunguka upya. Kuvaa soksi safi na viatu visivyochuna kifundo, kupaka ngozi mafuta isipasuke, na kuonyesha mkwaruzo hospitalini siku unapotokea, ni kazi ya maisha yote.

Hata hivyo yako matumaini, na sehemu yake imetoka katika ardhi ya Uganda yenyewe. Dawa iitwayo haidroksiyurea huufanya mwili utengeneze hemoglobini ya namna ya mtoto mchanga, isiyopindisha chembe. Ilikuwapo hofu kwamba katika nchi zenye malaria huenda ikaleta madhara. Uchunguzi uliofanyika kwa watoto katika Hospitali ya Mulago, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, haukuona kwamba dawa hiyo iliongeza malaria. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2019, uliofanyika Mbale, Kilifi, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Kwa mtu mwenye donda mguuni, uamuzi wa kuitumia ni wa daktari, kwa sababu katika maradhi mengine ya damu dawa hiyo, ikitumika muda mrefu, imewahi kuhusishwa na madonda. Lakini mtoto anayetambuliwa mapema na kutunzwa damu yake leo ana nafasi kubwa zaidi ya kufika utu uzima mwenye nguvu kuliko aliyezaliwa miaka hamsini iliyopita.

Basi askari anaingiaje katika habari hii? Anaingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kazi yake. Achukuliwe mfano wa kijana wa Kikongo mwenye donda, aliyepewa barua ya kituo cha afya aende Mbarara kubadilishiwa bendeji na kupimwa damu. Yuko katika foleni ya mgao, na miguu yake haimruhusu kusimama saa nne juani. Askari wa zamu anaweza kumwona mvivu anayetaka kupita mbele ya wenzake, au anaweza kumwona mgonjwa na kumwekea kiti kivulini. Barabarani anaweza kumshusha garini kwa kuwa karatasi zake hazikupangwa vizuri, akakosa siku ya kliniki. Au anaweza kuisoma barua, akaandika jina lake katika daftari, na kumwacha aendelee na safari. Donda hilo hupona kwa kutokatiza tiba. Siku moja iliyopotea kizuizini huweza kupoteza majuma ya kazi ya wauguzi. Hakuna sheria inayovunjwa kwa kumtendea mgonjwa kwa adabu, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye haki, ikiwamo haki ya kutembea ndani ya nchi kwa kufuata masharti.

Mlango wa pili ni mkono wake. Damu anayoongezewa mgonjwa wa selimundu haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu mwenye afya aliyejitolea, na askari, ambao wengi wao ni vijana wenye nguvu na waliokaa pamoja kwa nidhamu, ni hazina kubwa ya damu kwa mkoa mzima. Kikosi kinachojipanga kutoa damu mara kwa mara, kwa muda unaoruhusiwa na wataalamu, kinalinda maisha ya watu bila kufyatua risasi hata moja.

Mlango wa tatu ni nyumba yake. Kambi ya jeshi hukusanya watu wa kila upande wa nchi, na ndoa za kambini huunganisha damu za mbali. Mume na mke wote wawili wakiwa wamebeba asili ya selimundu, bila ya wao kuugua, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye maradhi. Si lawama ya mke, kama waume wengi wanavyopenda kusema. Kila mzazi huchangia nusu. Kipimo cha damu kabla ya ndoa, au kabla ya mtoto wa kwanza, humpa mtu elimu ya kuamulia mambo yake. Askari mwenye asili hiyo naye hupata faida ya kujijua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 juu ya wanajeshi wa Marekani wenye asili ya Kiafrika haukuona kwamba kubeba asili hiyo kuliongeza vifo katika jeshi lenye kanuni za maji na mapumziko, ingawa uliona ongezeko la kuharibika kwa misuli baada ya mazoezi makali mno. Kwa hiyo afisa anayehakikisha kwamba askari wake wanakunywa maji na kupumzika katika mbio za mchana huwalinda wote, wanaojijua na wasiojijua.

Donda ndugu halitaondoka Nakivale kwa hotuba, wala kwa dawa moja. Litapungua pale mzazi atakapompima mtoto, mgonjwa atakapolionyesha donda likiwa bado dogo kama punje ya mahindi, muuguzi atakapolifunga kwa kanuni, daktari wa Mbarara atakapoitazama damu pamoja na ngozi, na askari aliye baina yao atakapoifungua njia badala ya kuifunga. Kamba hiyo ikikatika mahali pamoja, mguu mzima huweza kupotea. Askari anayelinda mpaka wa nchi anaheshimiwa, na haki yake ni heshima hiyo. Na yule anayemwona mtu akichechemea kuelekea kizuizi chake, akamuuliza kwa upole anakwenda hospitali gani, naye amelinda kitu ambacho kwa mwenyewe hakina badala: mguu wa kusimamia na riziki ya nyumba yake.